Mafuta yamepanda tena: namna ya kupunguza lita unazochoma kila mwezi

Mafuta yakipanda kila mtu anaongelea bei, na ni haki yao maana inauma kweli, ila bei ni kitu ambacho mimi na wewe hatukigusi. Inaanzia kwenye mafuta ghafi yanayouzwa kwa dola kwa pipa la lita 159, hapo bado kusafishwa kiwandani, bado meli na bima, bado malori, bado faida ya wauzaji na kodi za serikali, kwahiyo vita ikitokea sehemu yenye visima, au nchi wazalishaji wakikubaliana kupunguza uzalishaji, au hela ya nchi yako ikishuka mbele ya dola, anayelipia ni wewe pale kwenye pampu. Alafu ikipanda inapanda chapchap, ikishuka inashuka kwa kusuasua, hili wachumi wamelichunguza kwenye nchi nyingi na wamelikuta tena na tena. Kwahiyo kusubiri irudi ilikokuwa sio mpango.

Kilichopo mikononi mwako ni lita. Gari ileile, barabara ileile, weka madereva wawili tofauti, mmoja anaweza kuchoma mafuta robo zaidi ya mwenzake na wote wakafika. Hiyo robo ndio tunaitafuta hapa, na nyingi yake haihitaji ununue kitu chochote.

Anza kwa kupima, usikisie

Ukimuuliza mtu gari yako inakula kiasi gani mara nyingi anakujibu kwa hela, kwamba naweka ya kiasi fulani inanifikisha Ijumaa. Hilo jibu halisaidii maana bei ikibadilika hesabu yote inavurugika. Unatakiwa ujue gari yako inaenda kilomita ngapi kwa lita moja, namba hiyo haijali bei.

Kuipata ni rahisi. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi kwa simu yako, alafu endesha maisha yako ya kawaida bila kujibana. Geji ikishuka karibu na robo rudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile maana pampu hazijikati sawa, jaza tena mpaka ijikate na uangalie lita zilizoingia. Tuseme mwanzo ilisoma 84,200 na sasa inasoma 84,620, umeenda kilomita 420, na zimeingia lita 38, gawanya 420 kwa 38 unapata kama kilomita 11 kwa lita. Basi, hiyo ndio namba yako. Irudie kwa tenki kama tatu mfululizo kabla hujaiamini, kwasababu wiki moja ya foleni mbaya au safari moja ndefu inaweza kukudanganya. Gari zenye kompyuta inayoonyesha ulaji wa mafuta pale mbele zinasaidia kuona mwelekeo lakini ile namba inakadiriwa, na mara nyingi inakupendelea kidogo, hesabu ya risiti ndio ya kweli.

Hii namba ina kazi ya pili ambayo mi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Kama gari ilikuwa inakupa 11 na ghafla inakupa 9 na njia zako ni zilezile, kuna kitu kimeharibika, au mafuta uliyowekewa sio, au kuna mtu anayanyonya usiku. Bila namba ungeendelea kulaumu bei miezi mitatu huku tatizo liko kwenye gari.

Safari zenyewe

Lita rahisi kuliko zote kuokoa ni ile ya safari ambayo hukuenda, na kabla hujaanza kuhangaika na gari kaa chini uandike safari zako za wiki moja zote, hata zile za kwenda kununua kitu kimoja na kurudi. Utashangaa zile fupi zilivyo nyingi. Na hizo fupi ndio ghali zaidi kwa kilomita, manake injini ikiwa ya baridi inachoma mafuta mengi zaidi, oili bado nzito, kompyuta inamwaga petroli ya ziada mpaka ipate moto, sasa unakuta ndio inaanza kupata moto umeshafika, umezima, inapoa, unaanza upya. Safari kadhaa fupi zenye kuanza na injini ya baridi zinaweza kula mafuta mara mbili ya safari moja iliyounganishwa yenye umbali uleule. Kwahiyo unganisha. Dukani, benki, kuchukua mtoto, fundi, yote kwenye mzunguko mmoja, na anza na sehemu ya mbali kuliko zote ili injini ipate moto vizuri, zile za karibu uzimalizie njiani ukirudi ikiwa bado ya moto.

Kilomita moja au mbili ukiweza tembea au chukua baiskeli. Najua sio kila mtu anaweza, kuna jua, kuna mizigo, kuna usalama, ila kwa anayeweza hakuna mbinu nyingine ndani ya makala hii inayoifikia hiyo.

Foleni nayo ni kama kodi nyingine juu ya mafuta. Kutoka nyumbani nusu saa mapema kunaweza kukuokolea zaidi ya chochote utakachomlipa fundi akufanyie, kwasababu kilomita za kwenda na kusimama ndio zinazomaliza tenki. Njia ndefu kidogo inayotembea mara nyingi inakula mafuta kidogo kuliko njia fupi iliyoganda, na hili usiamini mdomo wa mtu, pima kwa tenki zima kila njia uone.

Kuchangia gari na wenzako wa kazini au majirani hapo napo pana punguzo kubwa, watu wanne kwenye gari moja kila mmoja anabaki na robo ya gharama. Kinachoua huu utaratibu ni hela na kuchelewa. Kwenye hela, mkubaliane kwa lita sio kwa huruma, mwenye gari ameshapima anajua kwenda na kurudi ni lita tatu kwa mfano, bei ya siku hiyo mnaigawa, na mwenye gari apunguziwe kitu kwa ajili ya matairi na oili. Au mpokezane gari kwa wiki, wiki hii lako wiki ijayo la mwenzako, hapo hakuna anayemdai mwenzie. Kwenye kuchelewa, wekeni dakika za kusubiri na zikiisha gari inaondoka, ongeeni hilo siku ya kwanza kabisa wakati bado mnapendana.

Mguu wako wa kulia

Hapa ndipo penye kazi. Kila unapokanyaga mafuta unanunua mwendo kwa petroli, na kila unapokanyaga breki unaugeuza huo mwendo kuwa joto kwenye breki na linapotea hewani. Kwahiyo breki nyingi ni dalili kwamba dakika moja iliyopita ulikanyaga mafuta bure. Dereva anayeondoka kwa fujo taa ikiwa kijani, anaipita gari moja, alafu anapiga breki kali kwenye taa inayofuata, amelipia mara mbili na mmekutana palepale. Wataalamu wa nishati wa serikali ya Marekani wanasema uendeshaji wa fujo unapunguza kilomita unazopata kwa kati ya asilimia 15 na 30 kwenye barabara kuu, na kati ya asilimia 10 na 40 kwenye foleni ya kwenda na kusimama. Hakuna kifaa duniani kitakachokurudishia hiyo.

Kinachotakiwa ni macho kwenda mbali. Usiangalie bampa ya aliye mbele yako, angalia gari ya tatu au ya nne mbele, taa, tuta, kivuko cha watembea kwa miguu. Ukiona mbele kunasimama toa mguu kwenye mafuta mapema, iache gari itembee yenyewe ikiwa kwenye gia, na mara nyingi ukifika pale taa imeshabadilika na hujasimama kabisa. Kuitoa gari kwenye kusimama kabisa ndio kunakula, kuiongezea mwendo ikiwa tayari inatembea ni nafuu sana.

Na hapa kuna jambo watu wengi wanalifanya wakiamini wanaokoa, kuweka frii kwenye mteremko. Gari za zamani za kabureta labda, lakini gari yenye nozeli (zinazopulizia petroli kwenye injini) na kompyuta, ukitoa mguu kwenye mafuta huku iko kwenye gia na ina mwendo, kompyuta inakata petroli kabisa, matairi ndio yanaizungusha injini. Ukiweka frii inabidi ichome petroli ili isizimike. Yaani kwenye frii unatumia mafuta zaidi, na juu yake umepoteza msaada wa injini kushikilia gari, breki zote unazibebesha kwenye mteremko mrefu mpaka zinapata moto na kufeli. Kuzima gari kabisa kwenye mteremko ndio usifikirie hata siku moja, usukani unakuwa mzito, msaada wa breki unaisha, usukani unaweza hata kujifunga. Watu wanakufa kwa hilo.

Kwa gari za gia za mkono, panda gia mapema, injini nyingi za petroli zinafurahi ukibadilisha kwenye mizunguko ya kama 2,000 mpaka 2,500 kwa dakika, ila usiilazimishe gia kubwa mpaka gari inatetemeka na kugonga, hapo unaiumiza injini na hakuna unachookoa. Ya otomatiki, kanyaga taratibu utaona inapanda gia yenyewe mapema, na ile batani ya mwendo wa spoti iache ipumzike kipindi hiki.

Spidi sasa. Upepo unaoizuia gari unaongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka kilomita 100 kwenda 120 kwa saa hujaongeza asilimia 20 ya kazi, nguvu ya upepo imeongezeka kama asilimia 44. Gari nyingi zinatoa kilomita nyingi kwa lita zikiwa kati ya 60 na 90 hivi, ukivuka hapo kila hatua inazidi kuwa ghali. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta na bei ikapanda mara kadhaa, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 88, sheria ilisainiwa mwanzoni mwa 1974, na sababu ilikuwa hiihii. Piga hesabu ya muda pia kabla hujasema una haraka, kwa umbali wa kilomita 60 kwenye 120 unatumia dakika 30, kwenye 100 unatumia dakika 36. Dakika sita. Na mwendo ukiwa mmoja bila kupanda na kushuka ni bora zaidi, kwenye barabara tambarare iliyonyooka kama gari ina kifaa cha kushika mwendo kitumie, kwenye milima kizime uongoze mwenyewe kwa mguu, ruhusu gari ipungue kidogo kwenye kupanda na irudishe kwenye kushuka.

Injini inayounguruma bure, na kiyoyozi

Gari iliyosimama inawaka inakupa kilomita sifuri kwa lita. Injini ndogo inaweza kula zaidi ya nusu lita kwa saa ikiwa imesimama tu, kubwa yenye kiyoyozi inaweza kufika lita moja na nusu na zaidi. Dakika 20 kwa siku za kusubiri mtoto shuleni, kuongea na simu, kumsubiri mtu ashuke, kwa siku 25 za mwezi ni zaidi ya masaa nane. Kwa injini ya kati hizo ni lita sita mpaka nane zimeondoka na hujatoka ulipo. Ukijua utasimama zaidi ya nusu dakika hivi na huko sio katikati ya barabara, zima. Kuwasha tena hakuli mafuta mengi kama watu wanavyodhani, kwa gari za sasa ni sawa na sekunde kama 10 za kuunguruma. Kama betri yako au staa ndio inasumbua, rekebisha hiyo kwanza.

Na ile kawaida ya kuwasha gari asubuhi uiache ipate moto dakika kumi, gari ya nozeli haiihitaji. Washa, subiri nusu dakika oili ipande, ondoka taratibu, inapata moto haraka zaidi ikitembea.

Kiyoyozi kinakula, hasa kwenye joto kali na safari fupi, kinaweza kupandisha ulaji wa mafuta kwa robo kwenye hali mbaya. Sio kwamba uteseke, ila gari ikiwa imeiva juani fungua vioo vyote dakika chache ile hewa ya moto itoke ndio uwashe. Mwendo wa mjini vioo vinatosha, ukifika mwendo wa barabara kuu funga vioo uwashe kiyoyozi maana vioo wazi kwenye kasi vinaleta upepo unaoizuia gari. Egesha kivulini ukipata, inasaidia kuliko inavyoonekana.

Matairi na mizigo

Upepo wa matairi ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote na ndio kinachosahaulika kuliko vyote. Tairi lenye upepo mdogo linalala chini na kuburuza, ni kama kuendesha baiskeli kwenye mchanga. Kwa mafuta peke yake ni asilimia chache tu, sitakudanganya kwamba utaokoa nusu, ila ongeza na hili kwamba tairi linaisha upande, linapata moto na linaweza kupasuka kwenye kasi, na tairi jipya ni hela kuliko tenki. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya mfuniko wa tenki. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi, usijaze mpaka hapo. Pima tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla hujaenda mbali, mara moja kwa mwezi, maana hata lisipotoboka linapoteza kidogokidogo lenyewe.

Keria ya juu, sanduku la juu, hivyo vinaharibu jinsi gari inavyokata upepo. Sanduku kubwa juu ya gari kwenye mwendo wa barabara kuu linaweza kula kati ya asilimia 10 na 25. Ukimaliza safari litoe, hata likiwa tupu linakula. Ndani ya buti nako pakague, kila kilo 45 hivi ni kama asilimia moja, na kwa gari ndogo inauma zaidi. Tairi la akiba, jeki na spana acha, vingine vyote vina kazi gani humo?

Kwa fundi, nini ukague na nini uache

Gari yenye tatizo inaweza kukumalizia yote uliyookoa kwa mguu. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi usiizoee, kapime kwa mashine ujue inasema nini. Sensa ya oksijeni kwenye eksosi ikifa kompyuta inakuwa kipofu na inamwaga petroli ovyo, kurekebisha hilo tu kunaweza kubadilisha ulaji kwa kiasi kikubwa sana, kuna gari zimepona kwa asilimia 40. Plagi zilizochoka au koili mbovu zinaifanya injini imisi, petroli inaingia haiungui inatoka nje kwenye moshi. Thamostati, ile inayozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate moto, ikiwa imekwama wazi, au imetolewa kabisa na fundi kwasababu gari ilikuwa inachemsha, inaiacha injini ya baridi muda wote, na injini ya baridi tumeshasema inavyokula. Hii ya kutoa thamostati ni ya kawaida sana na wengi hawajui kwamba ndio imekuwa ikiwamaliza. Kama gari yako ilichemsha na ikatolewa, itafute sababu ya kuchemsha, irudishe.

Breki inayoshika pia. Baada ya kuendesha kidogo bila kutumia breki sana, sogeza mkono karibu na rimu kila upande bila kugusa, kama moja ina joto kali kuliko nyingine hapo kuna breki haiachii. Na gari inayovuta upande mmoja ipelekwe alaimenti.

Oili weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nzito kuliko inayotakiwa inaongeza ulaji kwa asilimia moja au mbili. Filta ya hewa ni tofauti kidogo na watu wanavyosema, kwenye gari za kabureta filta chafu inakula mafuta kweli, kwenye za nozeli kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa kwahiyo utapoteza zaidi nguvu kuliko mafuta. Badilisha kwa ajili ya injini, ila mtu asikuuzie kama ndio dawa ya ulaji.

Pale kituoni

Kuna kuzunguka kutafuta kituo rahisi, na hesabu yake ifanye kwa lita. Kituo kikiwa nafuu kwa asilimia 2 na wewe unaweka lita 30, umeokoa thamani ya lita 0.6. Gari yako ikiwa inaenda kilomita 12 kwa lita, hiyo ni kilomita 7 na kidogo kwenda na kurudi, ukizidi hapo umepoteza, na foleni ya kwenye hicho kituo hatujaihesabu. Kama kiko njiani kwako weka huko kila siku. Kama hakiko njiani, achana nacho.

Kuweka mafuta alfajiri eti yamepoa na ni mengi zaidi haina maana, petroli inatanuka kwa kama asilimia 0.1 tu kwa kila nyuzi moja ya joto na matenki yako chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Petroli ya oktani ya juu nayo, kama kitabu cha gari hakiidai usiinunue, oktani ni uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kugonga, sio nguvu ya ziada. Lakini kama injini yako inaidai, yenye taabo (turbo) hasa, usishuke, injini ikianza kugonga matengenezo yake yatakula akiba yako ya mwaka.

Pampu ikijikata acha hapo. Kuongezea mpaka shingoni kunaweza kuingiza petroli kwenye mfumo wa kunasa mvuke na kuuharibu, na ni gharama. Upande wa pili usizoee kuendesha taa ya mafuta ikiwa inawaka, pampu ya umeme iko ndani ya tenki na inapoozwa na hayohayo mafuta. Kuna wanaosema weka nusu tenki ili gari iwe nyepesi, lita 20 za petroli ni kama kilo 15, haileti tofauti ya kuisikia.

Bei zikiwa juu uchakachuaji nao unaongezeka, kwahiyo weka kwenye vituo vyenye watu wengi, hakikisha pampu imeanza sifuri, chukua risiti. Gari ikianza kugonga, kutoa moshi au kukosa nguvu muda mfupi baada ya kujaza, risiti ndio ushahidi wako.

Vitu vya kutotupia hela

Sumaku za kubana kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya kuweka kwenye tenki, vifaa vya kuchomeka chini ya usukani vinavyowaka taa, vyote hivi vinauzika sana bei ikipanda kwasababu watu wamebanwa na wanatafuta pa kushika. EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, limeshapima vifaa zaidi ya 100 vya namna hii na halijapata hata kimoja kinachoongeza kilomita kwa kiasi cha maana. Vingine vinaharibu injini. Hiyo hela weka upepo, nunua plagi, au jaza tenki tu.

Kwa wenye pikipiki

Mengi ya juu yanawahusu, mguu mnabadilisha na mkono tu. Ya kwenu hasa ni mnyororo, ukiwa mkavu au umekazwa kupita kiasi unaibana injini, upake oili ya mnyororo na uuache ucheze kidogo kama kitabu kinavyosema. Choki isiachwe imevutwa baada ya injini kupata moto. Kabureta ikiwa inamwaga utanusa petroli na plagi itakuwa nyeusi ya masizi, mpe fundi airekebishe. Klachi inayoteleza, ukivuta mafuta injini inalia lakini mwendo hauongezeki, hiyo inachoma petroli bure kila dakika. Na zungusha tairi la nyuma kwa mkono ukiwa umesimamisha kwenye stendi kubwa, likiwa zito breki imekazwa sana.

Usihifadhi petroli ndani

Tetesi za bei kupanda kesho zikianza watu wanajaza madumu. Tafadhali sana usifanye hivyo nyumbani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni mpaka unakuta jiko au swichi chumba kingine kabisa, na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya chini sana ya sifuri. Madumu ya maji na ya mafuta ya kupikia hayakutengenezwa kwa kazi hiyo. Alafu petroli inachakaa, baada ya miezi michache inaanza kupoteza ubora. Ukisikia inapanda kesho jaza tenki la gari leo, basi.

Ukifikiria kubadilisha gari

Hapa fanya hesabu kwa lita za mwezi, usiangalie kilomita kwa lita peke yake, maana inadanganya macho. Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari ya kilomita 8 kwa lita inakula lita 125. Ukihamia ya 16 unakula 62.5, umeokoa 62.5. Ukitoka ya 16 ukaenda ya 24 unakula kama 42, umeokoa 21 tu, ingawa nyongeza inaonekana ileile ya kilomita 8. Kwahiyo mwenye gari inayokunywa ndio ana sababu ya kuhama, mwenye gari ambayo tayari ni nafuu mara nyingi hatairudisha hela ya kununua nyingine. Lita utakazookoa kwa mwezi zidisha kwa bei ya leo, alafu gawanya nyongeza unayotakiwa kutoa kwa hicho kiasi, utapata miezi ya kuirudisha, na ikifika miaka saba baki na uliyonayo. Na kama nyumbani kuna gari mbili, kabla hujauza chochote badilishaneni, anayeenda mbali kila siku achukue ndogo na anayezunguka karibu abaki na kubwa, pimeni mwezi mmoja mwone lita zimeshuka ngapi.